Mlimani, Mwaka 1969

Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa bado hakijapewa jina hilo. Kilikuwa kimojawapo kati ya vyuo vitatu vilivyounda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na umri wake haukupita miaka minane tangu kilipofungua mlango tarehe 25 Oktoba 1961 kwa wanafunzi 14 wa sheria, ndani ya jumba la chama cha TANU katika mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima kilicho yapata kilomita 13 magharibi ya kitovu cha jiji, mahali ambapo watu wamepazoea hata leo kwa jina la Mlimani. Chuo kichanga namna hiyo hakikutazamiwa kuzaa mambo makubwa. Walakini katika mwaka huo mmoja yalitoka hadharani, kwa mkono wake au kwa msaada wake, makala ya fizikia iliyotiwa sahihi na kijana wa Kitanzania ambaye swali lake lilianzia kwenye maziwa ya kutengenezea aiskrimu, tamthilia ya Kiswahili juu ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, na toleo la kwanza la jarida la siasa lililoandikwa na wanafunzi wenyewe; na nyuma ya hayo palikuwa na marundo ya karatasi ambazo wanafunzi wa historia walikuwa wamenakili ndani yake kauli za wazee wa kusini juu ya vita hivyo.

Watu wengi, hata miongoni mwa waliosoma, huiona kazi ya utafiti ya mwanafunzi kuwa ni ada ya kulipia shahada: huandikwa kwa sababu imeamrishwa, husomwa na mtahini mmoja au wawili, kisha hutiwa jalada gumu na kuwekwa rafuni isiguswe tena. Mimi naamini kinyume cha hayo. Naamini kwamba mwanafunzi, maadamu hajazoea bado kuyapuuza mambo ambayo wakubwa wake wamekwisha kuyapuuza, anayo nafasi ya kuona kitu kipya ambayo huenda mwalimu wake amekwisha kuipoteza. Na kwamba nafasi hiyo, ili izae, yahitaji mtu mzima mwenye elimu atakayekubali kumsikiliza. Habari za mwaka ule wa Mlimani zatosha kuwa ushahidi, na ushahidi wenyewe una nguvu zaidi kwa kuwa watoka katika elimu zisizofanana asili wala mwenendo.

Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Vijana wa shule ile walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu: walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe mpaka yakaribiane na joto la chumba, ndipo wakayatia katika sehemu ya kugandishia ya friji. Nafasi ilikuwa haba na wenye kuigombea walikuwa wengi. Siku moja, Mpemba alipokuwa akichemsha yake, mwenziwe mmoja aliona kwamba naye akikaa kuchemsha atakosa nafasi, akayakoroga maziwa mabichi na sukari na kuyamimina mara moja katika trei ya barafu. Mpemba, kwa kuchelea asiachwe nje, akasema liwalo na liwe, akayatia yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi wote wawili wakafungua friji. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yamekwisha ganda, na ya mwenziwe yalikuwa bado mazito tu, yakimwagika.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, maana jambo kama hilo haliwezi kutokea. Kijana akaikubali kauli ya mwalimu, kama ilivyokuwa adabu ya wakati ule, lakini baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba hutia maziwa ya moto kwa makusudi kwa kuwa huganda upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake, wala si fizikia ya ulimwengu, na tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu darasa zima lilimdhihaki kwa jina lake mwenyewe. Ni watu wangapi wangeendelea baada ya hapo? Yeye alingoja maabara ya baiolojia ikawa wazi, akachukua vyombo viwili vya sentimita za ujazo 50, kimoja akakijaza maji ya bomba na kingine maji ya moto, akavitia katika friji, na baada ya saa moja akaona barafu zaidi katika kile kilichokuwa cha moto.

Hatimaye Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Mlimani, alikwenda Mkwawa kutoa mhadhara juu ya fizikia na maendeleo ya taifa, na ulipofika wakati wa maswali Mpemba akasimama, akauliza kwa nini maji yenye nyuzijoto 100, yakitiwa katika friji pamoja na maji ya nyuzijoto 35 yaliyo sawa nayo kwa kiasi, hutangulia kuganda. Wenziwe walicheka. Osborne alimwuliza kama amelijaribu kwa mkono wake, na aliposikia kwamba amelijaribu, akasema kwamba jibu halijui lakini atalijaribu atakaporudi Dar es Salaam. Alirudi, akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio, na fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaahidi kuendelea kulirudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi! Hapo yadhihirika jinsi mazoea yalivyo na nguvu juu ya akili: mtu ameona kwa macho yake, na bado ayashuku macho kabla ya kuishuku kauli aliyofundishwa.

Majaribio yaliendelea kwa utaratibu, na waligundua mathalan kwamba utando mwembamba wa mafuta ukitandazwa juu ya maji, kuganda kwake huchelewa kwa saa nyingi, jambo lililoonyesha kwamba joto hutoka zaidi kwa juu. Makala ilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education, jina la Mpemba likitangulia, ilhali yeye wakati huo alikuwa amekwisha kwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi. Mjadala haujafungwa hata sasa. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia wa Uingereza iliuomba ulimwengu maelezo ya jambo hilo, ikapokea majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza waliandika kwamba katika majaribio yao hawakupata ithibati ya kutosha, na kwamba kipimajoto kikisogezwa sentimita moja tu juu au chini chaweza kumdanganya mpimaji; na mwaka 2020 wengine wawili wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, wakaonyesha kwa chembe ndogo mno ya kioo iliyozamishwa majini kwamba kitu chenye joto zaidi chaweza kweli, kwa masharti maalumu, kukitangulia kilicho vuguvugu katika kupoa. Wote hao, wenye kukubali na wenye kukataa, huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na jina lililokuwa dhihaka darasani limekuwa istilahi ya fizikia.

Mwanahistoria, kwa upande wake, hana friji. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza, hauwezi kurudiwa mara ya pili ili aone kama mambo yatatokea vile vile, na mtu akitaka ukweli wake hana budi kuwatafuta walioushuhudia, awapambanishe shahidi kwa shahidi. Kazi hiyo ndiyo waliyotumwa wanafunzi wa historia wa Mlimani mwaka 1968, chini ya uongozi wa walimu wao, akiwamo John Iliffe, pamoja na Gilbert Gwassa, ambaye mwenyewe alikuwa akitafiti vita vya Maji Maji kwa ajili ya tasnifu yake. Kabla ya hapo, mwenye kutaka kusoma habari za vita vile alitegemea zaidi maandishi ya Wajerumani, kama kitabu alichokitoa mwaka 1909 Graf von Götzen, aliyekuwa gavana. Yaani msomaji alisikia zaidi kauli ya aliyepiga, na ya aliyepigwa aliisikia kwa nadra.

Fikirini hesabu ya miaka. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi wakati Wamatumbi walipong'oa pamba huko Nandete mwezi wa Julai 1905, kwa kuchoshwa na kulazimishwa kulima mashamba ambayo faida yake hawakuiona, alikuwa na miaka 73 wakati mwanafunzi alipomjia na kalamu yake mwaka 1968. Na yule aliyekuwa kijana wa kushika silaha alikuwa amekaribia tisini. Kazi hiyo ingecheleweshwa kwa miaka kumi, watu hao wangekuwa wamekwisha kuzikwa pamoja na maneno yao. Aidha, mwanafunzi aliyekwenda kwao hakuwa mgeni wa mbali. Mara nyingi alikuwa mjukuu au mtoto wa jirani, akijua jinsi ya kuingia uani, amwamkie nani kwanza, na lini anyamaze. Maarifa ya namna hiyo hayafundishwi katika mhadhara wowote, na bila ya hayo mzee hasemi.

Yaliyopatikana hayakuwa kauli moja. Umatumbini habari ya pamba ilikuwa mbele ya kila kitu, pamoja na habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya kuzuia risasi, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Ungoni watu waliingia vitani nyuma ya watawala wao na kwa sababu zao. Na Wahehe, ambao walikuwa wamekwisha kupigana na Wajerumani miaka ya nyuma, kwa sehemu kubwa hawakuingia. Vita vilivyozoeleka kusimuliwa kama wimbi moja lililofunika kusini yote vikaonekana kuwa vita vya mahali na mahali, vyenye mzizi mmoja na matawi yaliyokwenda kila upande. Karatasi zile, zilizokusanywa na kutolewa na idara ya historia, husomwa na wataalamu hadi leo, na aghalabu msomaji husahau kwamba walioziandika walikuwa vijana waliokuwa wakingojea mitihani yao.

Katika chuo hicho hicho, mtu mwingine aliyatazama maji yale yale kwa jicho jingine. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alisomea hapo sanaa za maonyesho, na mwaka 1969 tamthilia yake ya Kinjeketile ikachapishwa. Yeye hakudai kuandika historia. Alieleza waziwazi kwamba mtu wake wa jukwaani ni kiumbe cha mwandishi, wala asichukuliwe kuwa ndiye yule wa Ngarambe. Lakini msanii naye hutafiti, na swali alilolitafiti Hussein halingeweza kujibiwa na daftari la ushahidi: mtu anapowapa watu wake imani ya kuwaunganisha, kisha imani hiyo ikamtoka mikononi na kuwapeleka vitani kabla ya wakati, afanye nini? Aikane, ili waokoke walio hai, au ainyamazie, ili yasipotee yale waliyoyafia? Mzee aliyesimulia Nandete aliweza kusema nani alikufa na wapi. Yaliyompita kiongozi moyoni mwake hakuna shahidi awezaye kuyasimulia, na hapo ndipo elimu ya sanaa huanzia. Fauka ya hayo, tamthilia iliandikwa kwa Kiswahili kwanza, na mwandishi mwenyewe akaifasiri kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Ndiyo maana imeingia madarasani na majukwaani, hata mtoto wa shule asiyejua kwamba kuna idara ya historia Mlimani humjua Kinjeketile.

Siasa ni elimu ngumu zaidi kuitafiti, kwa kuwa inayotafitiwa inaishi, ina nguvu, na husoma yaliyoandikwa juu yake. Mwezi wa Novemba 1969 lilitoka toleo la kwanza la Cheche, jarida la umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi uliojulikana kwa herufi za USARF, ambao ulikuwa na vijana wa nchi mbalimbali za Afrika na ambao mwenyekiti wake wa mwanzo alikuwa Yoweri Museveni wa Uganda. Yeye mwenyewe alikwenda na wenziwe katika sehemu za Msumbiji zilizokombolewa na FRELIMO, akaandika tasnifu yake kwa kuyapima mawazo ya Frantz Fanon juu ya vita vya ukombozi kwa yale aliyoyaona huko. Miongoni mwa wahariri wa Cheche walikuwamo Karim Hirji, mwanahisabati, Henry Mapolu, na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa waziri wa fedha wa Tanzania. Napenda kukaa kidogo juu ya huyo mwanahisabati. Hakuna aliyemwambia kwamba siasa si somo lake. Na yeye hakuona ajabu kutoka katika hesabu zake za mchana na kuingia jioni katika hoja za wakulima, mabenki na viwanda. Nyua za elimu tulizozijenga baadaye, ambapo mhandisi huona haya kusoma shairi na mshairi hujivunia kutojua hesabu, hazikuwa zimepanda juu bado.

Mwaka 1970 jarida hilo lilichapisha tahakiki ndefu ya Issa Shivji, aliyesomea sheria hapo hapo, akichunguza nani hasa alishika uchumi wa nchi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na akitoa hoja kwamba kutaifisha mali hakujamaliza mvutano wa matabaka, bali tabaka jipya lilikuwa likiota ndani ya dola yenyewe. Maneno hayo yalikuwa mazito kuyasema katika nchi ambayo watu wake wengi, wakiwamo wanafunzi hao, waliliamini Azimio kwa dhati. Na uzito wake ndio uliomtofautisha mtafiti na mpiga makofi. Mwezi wa Novemba 1970 umoja ule na jarida lake vilipigwa marufuku. Jarida jingine likaanzishwa mwaka uliofuata chini ya tawi la vijana wa TANU hapo chuoni, nalo likaitwa Maji Maji. Sioni kwamba jina lile lilichaguliwa ovyo: wanafunzi waliokwenda kuwasikiliza wazee walikuwa wamelirudisha chuoni kama jina la heshima.

Uhandisi haumo katika mwaka huo wa 1969, na sababu yake ni nyepesi. Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki masomo yaligawanywa, sheria ikawekwa Dar es Salaam, tiba Makerere na uhandisi Nairobi. Kwa hiyo kijana wa Kitanzania aliyetaka kujenga madaraja alipanda basi kwenda Kenya. Kitivo cha uhandisi kilifunguliwa Mlimani mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, kikiwa na desturi ya kuwapeleka wanafunzi viwandani na katika ujenzi kila mwaka, na kumtaka kila mmoja afanye mradi wake kabla ya kuhitimu. Mizani ya elimu hii ni kali kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu pampu ama hupandisha maji ama haipandishi, na hapana ufasaha wa maneno utakaoisaidia. Nairobi nao walipiga hatua ya kutajwa: tarehe 11 Mei 2018 chombo kidogo kilichoandaliwa na walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma kiliachiwa angani kutoka katika chumba cha Wajapani cha kituo cha kimataifa cha anga, kikawa setilaiti ya kwanza ya Kenya. Kilikuwa na upana wa sentimita 10, urefu wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 10.

Jambo moja hunisikitisha ninapoyazingatia hayo yote. Wazee wa Umatumbi na Ungoni walisema kwa lugha zao na kwa Kiswahili. Kauli zao zikafasiriwa, zikapigwa chapa kwa Kiingereza, zikawekwa chuoni, na waliozitoa hawakuletewa nakala ya kuisoma. Hali hiyo haijabadilika sana. Kila mwaka maelfu ya wanafunzi wa vyuo vyetu huingia vijijini, mahospitalini, migodini na mashuleni, huuliza maswali, hushukuru, huondoka, na muuguzi aliyejaza dodoso hajui lilifikia wapi. Tasnifu zinazoandikwa kwa Kiswahili ni za idara za Kiswahili zaidi, kana kwamba maji, malaria, mikopo na michoro ni mambo ya watu wasiosema lugha hiyo.

Dawa yake si ghali. Kila tasnifu, iwe ya uhandisi, ya sayansi, ya sanaa au ya siasa, ifuatane na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa nne au tano, ulioandikwa na mwanafunzi mwenyewe kwa maneno ambayo shangazi yake ataelewa, na nakala yake ipelekwe katika ofisi ya kijiji, shule au zahanati ambako utafiti ulifanywa, kabla ya mtahini kutia sahihi yake. Hata mwanafunzi mwenyewe atafaidika, maana asiyeweza kumweleza mwenye shamba alichokitafuta katika shamba lake huenda hajakielewa bado. Na kwa kuwa kazi hiyo yahitaji mahali pa kuanzia, ningependa ianze na karatasi zile za 1968, zifasiriwe kwa Kiswahili kamili, kila moja ikiwa na jina la mzee aliyesema na la kijana aliyenakili, zipelekwe Nandete, Ngarambe, Mohoro na Songea, ambako wajukuu wa waliosema wangali wakiishi.